Je, Java bado inafaa kwa mradi mpya?

Swali: "Mimi na wenzangu watatu tumemaliza mafunzo ya awali ya Python, na sasa tunataka kuandika mfumo wa kutunza michango na mikopo ya wanachama wa kikundi. Mimi ninapendekeza Java. Mwenzangu mmoja anasema ni lugha iliyopitwa na wakati na yenye maneno mengi kupita kiasi, wa pili anasema ni nzito na haina kasi, na wa tatu anahofia kwamba siku moja Oracle, kampuni inayoimiliki Java, itatudai fedha. Nani kati yetu yuko sahihi, na je, niendelee kuitetea?"

Jibu: Ndugu msomaji, wenzako wote watatu wana hoja, ila kila mmoja anaizungumzia Java ya wakati wake. Anayelalamikia maneno mengi huenda ameisoma katika vitabu vya miaka ya 2000, anayelalamikia kasi amerithi sifa ambayo Java iliipata ilipokuwa changa, na anayeihofia Oracle amechanganya leseni moja na nyingine. Nitawajibu wote, lakini kwanza naomba nieleze jambo ambalo, kwa maoni yangu, ndilo chanzo cha mengi yanayosifiwa katika Java na pia ya mengi yanayolaumiwa, nalo ni ahadi yake ya kutoivunja programu ya zamani.

Kazi ya kuibuni Java ilianza mwaka 1991 katika kampuni ya Sun Microsystems, ambako James Gosling na wenzake walikuwa wakitafuta njia ya kuandika programu za vifaa vya kielektroniki vya nyumbani. Wakati huo iliitwa Oak. Ilitangazwa hadharani kwa jina lake la sasa mwaka 1995, na toleo 1.0 likatoka Januari 1996. Kwa kuwa vifaa vile vilitumia vichakataji vya aina nyingi, wabunifu waliamua kwamba msimbo usigeuzwe moja kwa moja kuwa lugha ya kichakataji fulani, bali ugeuzwe kuwa baitikodi, yaani maagizo ya mashine pepe inayojulikana kama JVM, na kila aina ya kompyuta iwe na JVM yake. Ndiyo maana faili iliyokompailiwa kwenye Windows huweza kuendeshwa kwenye Linux bila kuguswa. Vijiprogramu vya Java vilivyokuwa vikiendeshwa ndani ya vivinjari, ambavyo ndivyo vilivyoipa umaarufu wake wa kwanza, vilikufa zamani. Makao yake ya kudumu yakawa kwenye seva.

Faida ambayo haikutangazwa sana mwanzoni ni ile ya muda. Baitikodi iliyokompailiwa miaka ishirini iliyopita, ikiwa imetumia maktaba rasmi tu, kwa kawaida bado inaendeshwa na JVM ya leo. Linganisha na lugha mnayoitoka: Python 3 ilitolewa Desemba 2008 ikiwa haipatani na Python 2, na msaada wa Python 2 ulikoma rasmi tarehe 1 Januari 2020, kwa hiyo jamii nzima iliishi na matoleo mawili yasiyoelewana kwa zaidi ya miaka kumi na moja. Sisemi kwamba waliamua vibaya, kwani Python ilitoka katika msukosuko huo ikiwa safi zaidi. Java nayo haikuitimiza ahadi yake bila dosari: toleo la 9 la mwaka 2017 lilianza kufunga milango ya ndani ambayo maktaba nyingi zilikuwa zikiitumia kinyemela, na toleo la 11 la mwaka 2018 likaondoa baadhi ya vifurushi vilivyokuwa vikija pamoja nayo, kama JAXB ya kusoma na kuandika data za XML, hata watu wengi wakaganda kwenye toleo la 8 kwa miaka mingi. Hata hivyo, kwa lugha yenye umri wake, rekodi yake si haba.

Sasa tazama gharama ya ahadi hiyo. Mwaka 2004, katika toleo la 5, Java iliongezewa jeneriki, yaani uwezo wa kusema kwamba orodha hii ni ya maandishi tu na ile ni ya tarehe tu. Ili msimbo wa zamani usiojua jeneriki uweze kuchanganyika na mpya, wabunifu waliamua kwamba taarifa hiyo ya aina ikaguliwe na kompaila, yaani programu inayougeuza msimbo kuwa baitikodi, kisha ifutwe. Programu inapoendeshwa, orodha ya maandishi na orodha ya tarehe ni klasi ile ile moja. C# ilipofikia hatua hiyo ilichagua njia nyingine, ikahifadhi aina hadi wakati wa kuendesha, na ikakubali kuwa na seti mpya ya makusanyo kando ya ile ya zamani. Matokeo yake ni kwamba orodha ya Java haiwezi kubeba int, yaani namba kamili ya kawaida. Ni lazima namba hiyo ifungwe kwanza ndani ya kitu cha aina ya Integer, na lugha huifunga yenyewe bila kukuambia.

Hapo ndipo penye mtego ambao ningependa muuone kwa macho yenu kabla haujawaona ninyi. Andika mistari hii miwili:

Integer a = 127, b = 127;
System.out.println(a == b);

Jibu litakuwa true. Badilisha 127 zote mbili ziwe 128, na jibu litakuwa false. Sababu ni kwamba alama ya ==, inapotumika kwa vitu, huuliza kama pande zote mbili zinaelekeza kwenye kitu kile kile kimoja, wala haiulizi kama thamani zao ni sawa; na Java huhifadhi vitu vilivyokwisha kutengenezwa kwa namba kuanzia -128 hadi 127, ili visiundwe upya kila mara. Nje ya mipaka hiyo, kwa mipangilio ya kawaida, kila ufungaji hutoa kitu kipya. Kwa hiyo mkitunza namba ya mwanachama kama Integer na kuilinganisha kwa == badala ya equals, ambayo hulinganisha thamani, majaribio yenu yenye wanachama mia moja yatapita yote, nanyi mtafurahi, hadi atakaposajiliwa mwanachama wa 128, ambaye michango yake haitapatikana. Hakuna ujumbe wa kosa utakaotokea. Mwalimu yeyote wa Java asiyekuonyesha jambo hili mapema amekunyima haki yako.

Kufunga namba kuna gharama ya kumbukumbu pia: int ni baiti 4, lakini Integer kwenye JVM ya kawaida ya biti 64 huchukua baiti 16, ukiacha kielekezi cha kuifikia. Mradi uitwao Valhalla umekuwa ukilishughulikia jambo hili tangu mwaka 2014. Kwa mfumo wa ukubwa wenu halina uzito.

Nimwendee sasa mwenzako wa maneno mengi. Kwa muda mrefu alikuwa na haki ya kulalamika, maana hata programu ya kuandika salamu moja kwenye skrini ilimlazimu anayeanza kunakili public static void main(String[] args) bila kuelewa neno hata moja kati ya hayo. Lakini Java imekuwa ikipunguza mzigo huo hatua kwa hatua. Toleo la 8 la mwaka 2014 lilileta lamda, yaani fanksheni fupi zisizo na jina, na mikondo ya data ya kuchakata orodha hatua kwa hatua. La 10 la mwaka 2018 likaruhusu neno var pale ambapo aina inajulikana wazi. La 16 la mwaka 2021 likathibitisha rekodi. Mchango wa mwanachama, ambao zamani ungehitaji klasi yenye makumi ya mistari ya kujenga, kusoma, kulinganisha na kuchapisha, leo unaandikwa hivi tu:

record Mchango(int mwanachama, LocalDate tarehe, BigDecimal kiasi) {}

Mistari mingine yote huzalishwa na kompaila. Na katika toleo la 25 lililotoka Septemba 2025, hata yale maneno ya mwanzo yanayowatisha wanafunzi si ya lazima tena. Inatosha kuandika void main().

Maneno yanayobaki ninayatetea kwa dhati. Ukikutana na fanksheni ya Python inayopokea m na k, ni lazima uisome yote, na pengine usome na zile zinazoiita, ndipo ujue kama m ni namba ya mwanachama, jina lake au mwanachama mwenyewe. Katika Java jambo hilo limeandikwa kwenye mstari wa kwanza, na kompaila haikubali mtu alibadilishe mahali pamoja na kulisahau kwingine. Ni kweli kwamba Python nayo imekuwa na vidokezo vya aina tangu toleo 3.5 la mwaka 2015, lakini mkalimani wake huvipuuza wakati wa kuendesha. Ni lazima mjiwekee nidhamu ya kutumia zana ya kuvikagua, na nidhamu ya hiari ndiyo ya kwanza kuachwa kazi inapobana. Kuna faida nyingine ambayo watu hawaitaji sana. Tangu toleo la 21 mnaweza kutangaza kwamba muamala ni wa aina nne tu, yaani mchango, mkopo, marejesho na faini, kisha mkaandika switch, yaani amri ya kuchagua la kufanya kwa kila aina, ya kuzishughulikia zote. Siku mtakapoongeza aina ya tano, kompaila itakataa kila switch ya namna hiyo ambayo bado haijaitambua. Kwa mfumo wa fedha, hilo lina thamani kuliko mistari michache mtakayookoa kwingineko.

Lakini ukweli usemwe: wingi wa maneno unaochosha zaidi hautoki kwenye lugha, unatoka kwa watu wake. Kuna desturi, iliyokomaa katika mifumo ya makampuni makubwa, ya kuweka tabaka juu ya tabaka, kila klasi na kiolesura chake hata kama utekelezaji ni mmoja tu na utabaki kuwa mmoja, hata msomaji afungue faili saba kabla ya kufika mahali ambapo kazi inafanyika. Desturi hiyo mnaweza kuikataa, na Java haitalalamika.

Kuhusu kasi, mwenzako wa pili angekuwa sahihi mwaka 1996, wakati JVM ilipokuwa ikitafsiri baitikodi agizo kwa agizo. Tangu toleo 1.3 la mwaka 2000, injini ya kawaida imekuwa HotSpot, ambayo huichunguza programu ikiwa inaendeshwa, ikatambua sehemu zinazotumika mara nyingi, na kuzigeuza kuwa lugha halisi ya kichakataji kwa kuzingatia jinsi zinavyotumika wakati huo. Programu inayokaa ikiendeshwa kwa saa au siku hufikia kasi ya kuheshimika sana, mara nyingi si mbali na C++, na kwa kazi za hesabu ni mbele kabisa ya Python ya kawaida. Udhaifu wake uko mwanzoni: inachelewa kuamka, na inapenda kumbukumbu. Kama mngekuwa mnaandika kijiprogramu cha kuitwa kwenye mstari wa amri, kikafanya kazi kwa nusu sekunde na kufungwa, ningewaambia muiache Java na mtumie lugha ya Go. Ipo njia ya kuikompaili Java yote mapema kwa zana iitwayo GraalVM ili iamke haraka, lakini huleta masharti yake, na sioni kwa nini anayeanza ajitwike.

Ule usumbufu wa zamani wa programu kusimama ghafla ili kumbukumbu isafishwe nao umepungua mno. Mkusanyaji taka aitwaye ZGC, aliyeruhusiwa kwa matumizi ya kweli katika toleo la 15 la mwaka 2020, amebuniwa kwa mifumo yenye kumbukumbu kubwa ambayo haiwezi kuvumilia misimamo mirefu. Ninyi hamtamhitaji, mfumo wenu utatumia muda wake mwingi ukiingoja hifadhidata. Na katika kungoja huko Java imepiga hatua ambayo naiona kubwa kuliko zote tangu lamda, nayo ni nyuzi pepe za toleo la 21. Uzi ni mfuatano mmoja wa kazi ndani ya programu. Uzi wa kawaida ni mali ya mfumo endeshi, nao hutengewa nafasi ya takriban megabaiti moja, kwa hiyo seva huelemewa ikifikia nyuzi maelfu kadhaa. Uzi pepe ni mwepesi kiasi kwamba programu moja inaweza kuwa nao milioni, na unapongoja huachia uzi halisi ufanye kazi nyingine. Mwandishi wa programu anaandika hatua ya kwanza, ya pili na ya tatu kwa mfuatano wa kawaida, bila kugawa fanksheni zake katika makundi mawili, zinazongoja na zisizongoja, kama Python inavyowataka wanaotumia async.

Mwenzako wa tatu hajazua hofu yake. Oracle iliinunua Sun mwaka 2010, ikabadilisha masharti ya leseni ya toleo lake mwaka 2019, na mwaka 2023 ikaleta usajili unaotozwa kwa kuhesabu wafanyakazi wote wa kampuni, hata wasiogusa Java. Aliyesoma habari hizo juu juu ana sababu ya kuogopa. Lakini masharti hayo yanahusu kifurushi cha Oracle yenyewe na msaada wake. Lugha, kompaila na JVM zimo katika mradi wa OpenJDK, ambao Sun ilianza kuufungua mwaka 2006 chini ya leseni huria ya GPL, na vifurushi vyake hutolewa bure na wengi, wakiwemo Eclipse Adoptium, Amazon na Microsoft. Pakueni kimojawapo na jambo hilo liishie hapo. Ile kesi maarufu kati ya Oracle na Google, iliyoanza mwaka 2010 na kuamuliwa na Mahakama ya Juu ya Marekani mwaka 2021 kwa upande wa Google, ilihusu kunakiliwa kwa violesura vya Java ndani ya Android. Anayeandika programu kwa kutumia Java haimgusi.

Inashangaza kwamba hakuna hata mmoja wa wenzako aliyeigusa hoja ambayo mimi ningeianza nayo kama ningepangwa upande wa kuipinga Java. Hoja hiyo ni null. Tony Hoare, aliyelibuni wazo hilo mwaka 1965, alikuja kuliita mwaka 2009 kosa lake la dola bilioni moja. Katika Java, kigezo chochote kinachoelekeza kwenye kitu kinaweza kuwa tupu, na kompaila, ambayo nimeisifu kwa ukali wake wote, hapa hufumba macho. Unaweza kuandika mwanachama.mkopo().tarehe() ikakompailiwa vizuri, kisha ikaanguka usiku kwa sababu mwanachama huyo hajawahi kukopa. Toleo la 8 lilileta Optional, kasha linalosema wazi kwamba thamani huenda haipo, linalosaidia pale tu mwandishi anapokumbuka kulitumia, na toleo la 14 likaboresha ujumbe wa kosa ili useme ni kipi hasa kilichokuwa tupu, jambo dogo lililookoa saa nyingi za watu. Kotlin, lugha ya JetBrains inayoendeshwa juu ya JVM hiyo hiyo, ililitatua tatizo hili ndani ya mfumo wake wa aina, na nadhani hiyo ni sababu mojawapo ya Google kuipa nafasi ya kwanza kwenye Android tangu mwaka 2019. Kama wenzako wataleta Kotlin mezani badala ya Python, mjadala wenu utakuwa mgumu zaidi kwako.

Katika fedha, Python ina hoja moja nzuri ambayo haifai kufichwa. Lugha zote mbili hukosea zikijumlisha 0.1 na 0.2 kwa namba za desimali za kawaida, na zote zina aina maalumu ya kuepuka hilo, Decimal kwa Python na BigDecimal kwa Java. Ila Java hairuhusu alama za hesabu zipewe maana mpya, kwa hiyo riba inayoandikwa kwa Decimal ya Python kama salio * kiwango / 12, kwa Java inakuwa mnyororo wa multiply na divide, ambao ni mgumu kuusoma na ni rahisi kukosea mpangilio wake. Tena BigDecimal ya 1.0 na ya 1.00 si sawa mbele ya equals, kwa kuwa idadi ya tarakimu za desimali nayo huhesabiwa, tumieni compareTo. Na iundeni kutoka kwenye maandishi, "0.1" likiwa ndani ya alama za nukuu, kwani mkiipa 0.1 tupu itabeba kosa lile lile mnalolikimbia.

Basi, uitetee? Kama mfumo huu ni wa majaribio, au mnatakiwa kuukabidhi baada ya wiki chache, kubalini Python mliyokwisha kuijua, na mtumie vidokezo vya aina. Kama mnatarajia utumike kwa miaka, na kwamba wengine watakuja kuubadilisha ninyi mkiwa hampo, ningeichagua Java bila kusita, kwa kuwa sehemu kubwa ya gharama ya mfumo wa namna hiyo ni kazi ya kuusoma na kuurekebisha, na hapo aina zilizoandikwa, kompaila kali na baitikodi isiyochakaa hulipa. Lakini usiitetee kwa kusema kwamba ndiyo lugha ya watu makini. Hiyo si hoja, na wenzako watakuwa na haki ya kuicheka.

Mkiamua hivyo, anzeni na toleo la 21 au la 25, ambayo ni matoleo ya msaada wa muda mrefu, na muwe waangalifu na mahali mnapojifunzia, maana mafunzo mengi yaliyoko yaliandikwa kabla ya mwaka 2014. Njia ya haraka ya kuyapima ni kufungua sehemu inayohusu tarehe. Kama yanafundisha LocalDate, aina ya tarehe ya kisasa, endeleeni kuyasoma. Kama yanafundisha Date ya zamani, ambayo huhesabu miezi kuanzia sifuri na miaka kuanzia 1900, hata new Date(2024, 1, 1) ikawa siku ya kwanza ya Februari mwaka 3924, yafungeni na mtafute mengine.